Mikono Imekuwa Mifupi: Maswali Yenu Kuhusu Miwani ya Kusomea

Swali: Shikamooni wataalamu. Nina miaka 46. Siku hizi kusoma ujumbe kwenye simu mpaka ninyooshe mkono. Nilinunua miwani ya kusomea ila inakaa mkobani tu: naona haya, nikiivaa kichwa kinauma, na nimeambiwa nikiizoea macho yatalegea kabisa. Niivae au nivumilie?

Jibu: Marahaba dada. Ivae. Tuanze na hilo la macho kulegea, maana ndilo linalotesa wengi bure. Lenzi iliyo ndani ya jicho hukakamaa kadiri umri unavyokwenda, na kuanzia miaka 40 hivi hushindwa kujibinua vya kutosha kuona vitu vya karibu. Hukakamaa uvae miwani usivae, hadi miaka 60 na kitu, ndiyo maana namba hupanda kila baada ya miaka michache. Ukiivua ukaona herufi zimezidi ukungu, jicho halijaharibika. Umeonja kuona vizuri na sasa hutaki tena kukisia.

Kichwa kuuma ni jambo jingine, na hapo tunashuku namba. Nguvu ya lenzi hupimwa kwa dayopta na hupanda kwa robo: +1.00, +1.25, +1.50. Mtu wa umri wako anayeona mbali vizuri bila miwani mara nyingi hutoshwa na kati ya +1.00 na +1.50, lakini wengi hubeba kali zaidi kwa kuwa inakuza herufi.

Jipime hivi. Shika maandishi madogo, kama ya kwenye boksi la dawa, kiwiko kimekunjwa, sentimita 40 hivi kutoka usoni. Anza na namba ndogo, panda taratibu, simama kwenye ya kwanza unayosomea bila kukunja uso. Kisha sogeza boksi mbele na nyuma: likisomeka ukilileta sentimita 30 tu, miwani ni kali. Halafu ziba jicho moja, kisha jingine. Moja likisoma na jingine likaona ukungu, miwani ya tayari haikufai, kwani lenzi zake zote mbili zina nguvu sawa na haisaidii astigmatizimu, yaani jicho lisilopinda mwanga sawasawa pande zote. Hapo nenda kapimwe.

Kabla ya kulipa, ishike mbali na uso, tazama ukingo wa mlango kupitia lenzi huku ukiisogeza polepole kushoto na kulia. Ukingo ukichezacheza kama uko ndani ya maji, irudishe.

Na haya? Dada, kunyoosha mkono na kukunja uso huzeesha kuliko miwani. Chagua fremu isiyozidi upana wa uso, mboni zikae karibu na katikati ya lenzi. Ukiweza uwe na mbili, moja mkobani na moja kando ya kitanda. Kinachochosha wengi ni kuitafuta.

Swali: Nina miaka 58, navaa +2.50. Kitabu nasoma vizuri, ila kwenye kompyuta naishia kuinama mpaka shingo inakakamaa. Niongeze namba?

Jibu: Punguza, mzee wetu. Gawanya mita 1 kwa 2.50: unapata sentimita 40, na hapo ndipo miwani yako inapolenga. Skrini iko kwenye sentimita 60 au 70, kwa hiyo unaifuata kwa shingo. Jaribu +1.50 kwa ajili ya kompyuta peke yake. Usitembee na yoyote kati ya hizo, hasa kwenye ngazi, kwa sababu mbali huwa ukungu na kidato hakionekani kilipo.

Swali: Miwani inateleza puani na lenzi zimejaa mikwaruzo. Nini tatizo?

Jibu: Kuteleza ni mikono iliyopanuka au skrubu iliyolegea, fundi wa miwani huirekebisha kwa dakika chache. Mikwaruzo ni pindo la shati. Vumbi likisuguliwa kavu hukwangua kama msasa. Mimina maji kwanza, weka tone la sabuni ya vyombo, suuza, kausha kwa kitambaa laini safi.

Swali: Baba ana miaka 71. Ghafla anasoma gazeti bila miwani na anasema macho yamepona. Inawezekana?

Jibu: Kusoma anasoma kweli, ila macho hayajapona. Mtoto wa jicho anapoanza katikati ya lenzi, huiongezea nguvu ya kupinda mwanga: karibu panang'aa, mbali panafifia. Muulizeni kama taa za usiku zinamtawanyikia. Mpelekeni kwa daktari wa macho, apimwe na sukari pia, maana nayo ikipanda hubadilisha uoni. Miwani mpya isinunuliwe mpaka hayo yajulikane.