Kabla ya kununua Moto Guzzi California ya mtumba

Ukiniuliza ununue pikipiki gani ya Kiitaliano ya safari ndefu, yenye sura ya zamani, nitakujibu bila kusita: Moto Guzzi California 1100, zile zilizoanza kutoka mwaka 1994 zikiwa na injini ya cc 1064. Huku Italia kaskazini ninakoishi bado unapishana nazo barabarani.

Kinachowavuta wengi ni sura yake: usukani mpana, kioo cha kukinga upepo, mabegi ubavuni, na silinda mbili zilizochomoza kushoto na kulia kama masikio. Mimi naipendea jambo jingine. Mwenye nayo anaweza kuihudumia mwenyewe. Vichwa vya silinda viko nje, upepo unavipoza, na kurekebisha valvu hakuhitaji kung'oa tangi. Fungua kifuniko, pima mwanya, kaza nati, funga. Jifunze kazi hiyo mapema, maana fundi anayeijua vizuri injini hii hapatikani kila mji.

Asili ya injini ni pikipiki ya V7, iliyooneshwa Milano mwaka 1965, kazi ya mhandisi Giulio Cesare Carcano. Jina la California lilikuja baadaye, baada ya polisi wa Los Angeles kuzitumia pikipiki hizo. Kazi ya doria, kutwa nzima juu ya kiti, ndiyo iliyoipa umbo lake. Lakini moyo wa safari kiwandani Mandello del Lario, kando ya Ziwa Como, ni wa zamani zaidi. Kampuni ilianzishwa Machi 1921 na Carlo Guzzi na Giorgio Parodi. Tai wa kwenye tangi ni kumbukumbu ya mwenzao, rubani Giovanni Ravelli, aliyefariki kwa ajali ya ndege mwaka 1919. Mwaka 1928 Giuseppe, nduguye Carlo, aliendesha hadi kaskazini ya mbali ya Norwei ili kuthibitisha kuwa springi za gurudumu la nyuma zinafaa, wakati ambapo wengi hawakuziamini. Namheshimu sana mtu huyo. Alikwenda kuijaribu kazi yake mahali ambapo ingemwumbua kama ingekuwa mbovu.

Sasa ukaguzi. Pikipiki hii haina cheni, ina shafti, yaani mhimili wa chuma unaopeleka nguvu kwenye gurudumu la nyuma, kwa hiyo kuna oili tatu: ya injini, ya giaboksi, na ya gia za gurudumu la nyuma. Hiyo ya tatu husahauliwa mno. Mwombe muuzaji aifungue. Unga laini wa chuma kwenye sumaku ya kizibo ni kawaida. Vipande vinavyoshikika kwa kucha si kawaida.

Ukivuta mafuta ikiwa imesimama, itayumba kidogo upande wa kulia. Usishtuke: krankshafti, mhimili unaozungushwa na pistoni, imelala kwa urefu wa pikipiki, nayo ndiyo inayoivuta. Klachi ni kavu kama ya gari, basi kwenye foleni usiishike nusunusu, itaungua.

Uliza pia kuhusu breki. Tangu Moto Guzzi 850 T3 ya mwaka 1975, kanyagio la mguu hukamata diski ya nyuma pamoja na moja ya mbele. Wako wanaozitenganisha. Mimi ningechagua zilizoachwa kama kiwanda kilivyozifunga, hasa kwa mtu atakayebeba abiria kwenye mvua.

Mwisho, iendeshe mpaka ipate moto sawasawa, kisha uchungulie chini, pale injini inapokutana na giaboksi. Oili ikidondoka hapo, sili, kile kipete cha kuzuia oili isivuje, imekufa, na kuibadilisha ni lazima giaboksi ishuke. Sili yenyewe ni rahisi, gharama iko kwenye kazi ya fundi. Mpigie muuzaji hesabu hiyo na umwombe aitoe kwenye bei. Akikataa, mwachie pikipiki yake utafute nyingine.