Jibu: Sola ya nyumbani na boti ya abiria, Lamu

Assalaam alaykum ndugu yangu. Umeuliza kama paneli yako ya wati 200 na betri ya volti 12 vinaweza pia kuchaji mashine ya umeme ya boti yako inayovusha abiria kati ya Lamu na Mokowe, ng'ambo ya bara, na kwa nini taa za nyumbani huzimika kabla ya saa nne usiku.

Anza na taa. Adhuhuri, jua likiwa kali, pima volti kwenye ncha za betri na kwenye sehemu ya betri ya kidhibiti chaji, kile kifaa kinachosimamia umeme unaotoka kwenye paneli kwenda kwenye betri. Vipimo viwili vikitofautiana waziwazi, umeme unapotea njiani. Kwetu ufukweni mimi hushuku viungo vya nyaya kabla ya paneli, kwani chumvi huotesha kutu ya kijani juu ya shaba, chini ya plastiki usikotazama. Kata ncha iliyooza, kwangua hadi shaba ing'ae, kaza, kisha paka grisi. Betri nayo ina miaka mingapi? Hukutaja, na jibu linategemea hilo.

Kuhusu boti, wauzaji watakuambia mengine, lakini mashine ya nguvu farasi 15 hula takriban kilowati 11 ikiendeshwa kwa nguvu zote, ilhali paneli yako, kwa saa tano za jua zuri, haizidi kilowati-saa moja, yaani mwendo wa dakika tano hivi. Iachie betri hiyo nyumba, na hesabu ya boti uifanye na manahodha wenzako, kwa paneli za pamoja gatini.