Maandamano ya wanafunzi: kwanza vipimo, kisha barabara

Swali: Mimi ni mlezi wa klabu ya mazingira katika shule ya upili. Jaa la taka limefika ukingoni mwa mikoko na wanafunzi wanataka kuandamana. Mwalimu mkuu anasema hiyo ni siasa, si masomo. Nifanyeje?
*Mwalimu, Kilifi*

Jibu: Mwalimu, maandamano yanaweza kuwa somo zito kuliko yote ya muhula, ila sehemu kubwa ya somo hilo hutangulia siku yenyewe. Mwanafunzi anayebeba bango bila kujua taka zile zinatoka wapi, zinafikaje pale na ni ofisi gani yenye wajibu wa kuziondoa, amejifunza kupaza sauti tu.

Anzeni na vipimo. Maji yakipwa, pimeni mita 100 kwa kamba kandokando ya mikoko. Okoteni kila taka iliyomo, mtenge chupa, mifuko, nyavu na nguo, kisha mpime kila fungu kwa mizani. Andikeni tarehe, saa na hali ya maji. Rudieni baada ya wiki mbili, bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) kwa bamvua, au maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo) kwa maji mafu. Mkichanganya, tofauti mtakayoona huenda imeletwa na bahari wala si jaa. Glavu na viatu vya kufunika ni lazima. Sindano na vioo viokotwe na watu wazima. Mwalimu mkuu akiuliza somo liko wapi, mwonyeshe daftari hilo.

Kisha mjue mnamdai nani. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 linaipa kaunti kazi ya kuzoa na kutupa taka. NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, hutoa leseni na kusimamia sheria. Kwenda NEMA kudai lori la taka ni kujitakia kuelekezwa kwingine jua likiwa limeshapanda. Iandikieni kaunti kwanza, muulize mpango wake kuhusu jaa hilo. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa afisa siku 21 za kujibu.

Kama bado kuna haja ya kuandamana, Kifungu cha 37 cha Katiba kinalinda haki hiyo, mradi iwe kwa amani na bila silaha. Mwandalizi, ambaye hapa awe mtu mzima, ampelekee mkuu wa kituo cha polisi (OCS) taarifa ya maandishi siku zisizopungua 3 wala kuzidi 14 kabla: jina na anwani yake, tarehe, njia mtakayopita, na saa, kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Hiyo ni taarifa, si ombi la kibali. Bakini na nakala iliyogongwa muhuri.

Kila mwanafunzi alete ridhaa ya mzazi kwa maandishi, na asiyetaka kwenda asilazimishwe. Hili la mwisho nalisisitiza: mtoto aliyeburutwa kwenye maandamano hajafundishwa uraia. Mabango yashikwe kwa mikono, yasipigiliwe kwenye fimbo, maana fimbo ni rahisi kuitwa silaha. Herufi ziwe na kimo cha sentimita 10, dai liwe moja. “Okoeni dunia” halina mwenye kulijibu. “Kaunti, ondoeni taka mikokoni kabla ya masika” linaye.

Swali: Watu wa Lamu waliandamana na mtambo wa umeme wa makaa ya mawe ukasimamishwa. Sisi tumeandamana mara mbili na hakuna aliyetujali. Tumekosea wapi?
*Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, Kwale*

Jibu: Lamu hawakutegemea barabara peke yake. NEMA ilitoa leseni ya mtambo wa megawati 1,050 pale Kwasasi mnamo Septemba 2016. Sheria inatoa siku 60 za kukata rufaa, na Save Lamu, muungano wa vikundi vya wenyeji, pamoja na wakazi wakaikata mwaka huohuo. Tarehe 26 Juni 2019, baraza la kitaifa linalosikiliza rufaa za mazingira likafuta leseni hiyo: wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na tathmini ya athari haikuzingatia mabadiliko ya tabianchi kama ilivyopasa. Maandamano yaliifanya nchi isikie. Karatasi ndizo zilizofuta leseni.

Basi jiulizeni: mlipofika mlangoni, mlimkabidhi nani nini? Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa mkazi haki ya kuwasilisha ombi kwa kaunti. Andikeni ukurasa mmoja: tatizo, vipimo, dai, na tarehe mnayotarajia jibu. Nakala ziwe mbili, moja irudi nanyi ikiwa na muhuri na jina la aliyepokea. Wachagueni wenzenu wawili wa kufuatilia kila wiki wakiwa na mwalimu. Na msiandamane wiki ya mwisho ya muhula, kwa sababu jibu litafika shule imefungwa na hakuna wa kulisoma.