Ukipanga chumba kwa Wabhati wa Greater Noida

Wadogo zangu mnaokwenda kusoma Greater Noida, jirani na Delhi, wengi wenu mtaishia kupanga vijijini. Mtaona barabara pana na maghorofa, lakini ardhi ile ilikuwa mashamba ya Wagurjar, jamii ya wakulima na wafugaji, na vijiji vyao vimebaki humo humo katikati. Vingi ni vya ukoo mmoja: Bhati. Nimeishi huko miaka mitatu, na mwaka wa kwanza niliteseka kwa kutolijua hilo tu.

Kijiji hujihesabu watoto wa babu mmoja. Kijana wa Kibhati haoi binti wa Kibhati, wala wa ukoo wa mama yake. Binti wa jirani ni dada yake, basi. Siku moja tukinywa chai nilimuuliza mtoto wa mwenye nyumba mbona hamposi yule binti wa nyumba ya pili. Aliweka kikombe chini, akaondoka, na wiki nzima hakunisemesha. Nami ni Mchagga, kwetu ndugu wa ukoo mmoja hawaoani!

Kwa hiyo, kabla hujalipa kodi, kawasalimie wazee. Utawakuta wamekaa kwenye vitanda vya kamba, hukka (kiko cha maji) moja inazunguka. Sema "Ram Ram, tau". Tau ni baba mkubwa. Waulize habari za Umrao Singh, Mbhati wa Dadri, mji wa jirani, aliyeinuka dhidi ya Waingereza mwaka 1857, uone nyuso zinavyochangamka.

Uani usiingie kimyakimya. Kohoa, ita, subiri. Mke wa kijana wa nyumba akisikia sauti ya mwanamume mkubwa huvuta mtandio mpaka kidevuni, hata mikono ikiwa imejaa unga wa chapati. Ukimtokea ghafla, anayeaibika ni yeye.

Mkikosana na mwenye nyumba, anza kwa wazee. Wangu alikataa kunirudishia pesa ya dhamana, rupia 6,000. Wenzangu wakasema twende polisi. Ningegombana na kijiji kizima. Nikamwendea tau mmoja. Akavuta hukka, akaniuliza mimi ni wa ukoo gani. Nikamtajia. Akalirudia jina mara mbili hadi likamkaa mdomoni, kisha akatuma mtoto amwite mwenye nyumba. Jioni pesa zangu zilikuja zote, pamoja na jagi la mtindi.