Cusco si Marangu, na Watoto Wenu si Wagumu

Tangu nitaje hapa kwamba niliwapeleka wanangu Peru, maswali yamekuwa mengi kuliko wageni wa Kili mwezi wa nane. Nimechagua kumi. Walioandika "jumla ni shilingi ngapi" bila kusema wako wangapi wala wanakwenda lini, nimewaweka faili moja na yule aliyeuliza kama Machu Picchu iko Brazili.

Tunatua Lima usiku, alfajiri tunaruka Cusco, kesho yake Machu Picchu, kesho kutwa ule mlima wa rangi. Jumla siku tano. Watoto wana miaka 6 na 9. Wakala anasema ratiba ni nzuri. (Baba wa wawili, Tabata)

Ni nzuri kwa wakala. Lima iko pwani kama Dar. Cusco iko mita 3,400 hivi, na ndege inachukua saa moja na ushee. Yaani mwanao anakunywa chai usawa wa bahari, na kabla ya chakula cha mchana amekaribia kimo cha kambi ya Horombo, Kilimanjaro. Oksijeni ya Cusco ni asilimia 21 ileile ya Tabata, ila mgandamizo wa hewa umeshuka, kwa hiyo kila pumzi inamletea kama theluthi mbili tu ya alichozoea.

Sisi tulipofungua mabegi hotelini, pakiti ya krispi ya binti yangu ilikuwa imevimba kama mto, na dawa ya meno ilitoka yenyewe bila kuminywa. Watoto wakacheka sana. Saa nane usiku hakuna aliyekuwa anacheka. Mkubwa kashika kichwa, mdogo anatapikia kwenye ndoo ya taka, na mimi, niliyeongoza wageni Kilimanjaro miaka tisa, nimekaa ukingoni mwa kitanda natafuta la kumwambia mama yao. Nilijua kabisa tulitakiwa tuanzie chini. Hoteli ilikuwa imeshalipiwa, basi.

Wewe fanya hivi. Mkitua Cusco, msiingie mjini. Gari liwapeleke moja kwa moja Bonde Takatifu, Urubamba au Ollantaytambo, mwendo wa kama saa mbili, ambako ni mita 2,800 na kidogo. Laleni huko siku mbili, ya kwanza bila kupanda ngazi yoyote ya kupigia picha. Kutoka Ollantaytambo treni inateremka hadi Aguas Calientes, mji ulio chini ya magofu, na Machu Picchu yenyewe iko mita 2,430 tu. Watu hawaamini nikiwaambia kivutio kiko chini kuliko mji wa kulala kwa karibu kilomita nzima. Cusco iwe ya mwisho, mwili ukishazoea. Ule mlima wa rangi, Vinicunca, unapita mita 5,000, juu kuliko Lenana ya Mlima Kenya. Mtoto wa miaka 6 hana shughuli kule. Futa. Na kama huna siku nane, wapeleke Lushoto, watafurahi vilevile.

Nilifika Uhuru mwaka 2017. Mimi si nimeshazoea? (Mzoefu, Nairobi)

Hapana. Mazoea ya kimo huisha wiki chache tu baada ya kushuka. Ya 2017 yamebaki kwenye cheti ukutani. Halafu kumbuka ulifikaje. Kwa miguu, ukalala kwanza kambi ya Mandara kwenye mita 2,720, na mbele yako kulikuwa na mtu anakuambia pole pole mpaka ukamchukia. Ndege haisemi pole pole. Na msiniletee habari za gym. Nimeteremsha vijana wenye vifua kama milango, huku mama wa miaka sitini akipita kando na fimbo yake, anahesabu hatua. Kama kwenye Kili kichwa kilikuuma hadi ukatapika, jichukulie kuwa mgonjwa mtarajiwa wa Cusco, maana aliyeugua mara moja yuko hatarini zaidi kuugua tena.

Diamox ninunue ngapi?

Swali hili nimelipata mara kumi na moja, na hakuna hata mmoja aliyetaja umri, uzito au ugonjwa alio nao mtumiaji. Dawa hii ya kuzuia ugonjwa wa kimo inaandikwa na daktari. Kazi yake ni kukufanya upumue zaidi, hasa usingizini, ili mwili uzoee upesi. Watu wazima wengi huandikiwa miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Mtoto hupigiwa hesabu kwa uzito wake. Mwenye mzio wa dawa za salfa aseme kabla, asingoje kuvimba midomo Lima. Utakojoa sana, vidole vitakuchonyota, na soda itakuwa na ladha ya ajabu.

Ila vidonge si ruhusa ya kukimbia. Mwenye kichwa na kichefuchefu hapandi hata mita moja zaidi mpaka apoe. Akianza kuyumba kama mlevi, akiongea yasiyoeleweka, au akihema na kukohoa hali amekaa kitako, anashushwa usiku uleule na kupelekwa hospitali. Hakuna cha "tusubiri kukuche". Nimewahi kushuka na mtu mgongoni saa tisa usiku kwa sababu wenzake walisubiri kukuche.

Tunakwenda Juni. Naomba ushauri wa majaketi ya watoto. Wako wanne, wa pili ana selimundu lakini hajalazwa mwaka mzima. (Mama wanne, Mwanza)

Majaketi tutayafikia. Jambo zito umelipitisha mlango wa nyuma, acha nilikamate hapohapo.

Mtoto mwenye selimundu hapelekwi Cusco. Chembe zake nyekundu za damu hujikunja umbo la mundu pale oksijeni inapopungua, na kimo kazi yake ni hiyohiyo, mchana na usiku. Zikijikunja zinaziba mishipa midogo, na hapo ndipo yanapoanza maumivu unayoyajua wewe kuliko mimi: mifupa, kifua, bandama. Ongeza baridi na ukavu wa hewa, ambavyo navyo ni vichocheo. Kutolazwa mwaka mzima akiwa Mwanza, mita 1,100 na ushee, hakukuambii lolote kuhusu mita 3,400.

Na wale watatu wengine, umewapima? Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa watoto wanaozaliwa na ugonjwa huu, lakini ukiuliza kikao kizima cha ndugu nani anajua hali yake, utasikia kikohozi tu. Mwenye nusu, yaani AS, aliyerithi kwa mzazi mmoja tu, kwa kawaida huishi bila shida, na wengi wao wamepanda milima wakarudi salama. Hata hivyo wapo ambao bandama zao ziliharibika wakiwa juu. Dalili yake ni maumivu makali upande wa kushoto, chini ya mbavu. Mwenye AS akiyasikia, ashuke na aende hospitali, asiambiwe ni gesi. Kwa hiyo pima wote kabla hujalipa hata kianzio cha tiketi. Na muulize daktari wa kliniki ya selimundu hata kuhusu ndege, maana ndani ya ndege hewa huwa kama ya mahali palipo mita 2,000 hivi, tena kwa saa nyingi.

Kama ni lazima Peru, ipo Peru ya pwani. Kuna Lima, na kuna Paracas, ambako boti inawapeleka kuona pengwini na simba-bahari Visiwa vya Ballestas. Mtoto akishaona pengwini hatauliza habari za magofu.

Majaketi: mtumba. Hapa Moshi soko la Memorial, utachambua mpaka uchoke.

Kweli chai ya koka inatibu? Nataka nimletee baba mkwe pakiti mbili. (Kaka wa Muscat)

Unampenda baba mkwe wako au una jambo naye? Jani la koka ni halali Peru na Bolivia. Watu wa Andes wamelitafuna kwa maelfu ya miaka, na hotelini linawekwa mapokezi na chupa ya maji moto. Nilikunywa. Ni kama chai ya majani makavu ya shambani. Inachangamsha kidogo, inakupasha moto tumbo. Ushahidi wa kwamba inazuia ugonjwa wa kimo ni mdogo mno. Watoto wangu sikuwapa.

Lakini ndilo jani lilelile linalotolewa kokeini. Kikombe kimoja kinatosha kukufelisha kipimo cha mkojo, kwa hiyo madereva, watu wa migodini na wa visima vya mafuta, mwacheni mwenzenu anywe. Na kulibeba kuvuka mpaka, liwe chai, liwe pipi, liwe zawadi iliyofungwa kwa utepe, ni dawa za kulevya begini. Ofisa wa uwanja wa ndege hatakuuliza ulikuwa unaumwa kichwa kiasi gani. Mnunulie kofia ya alpaka.

Mtoto wetu ana mwaka na nusu. Atajulikanaje kama anaumwa kimo?

Hatakuambia "kichwa kinaniuma". Atalia bila sababu, atakataa kula, hatacheza, atalala vibaya. Mtasema ni meno. Mkiwa juu, kila asiye na raha mchukulie ni kimo mpaka ithibitike vingine, na dawa ni kushuka naye. Maoni yangu, ingawa hukuyaomba: asubiri afikishe umri wa kusema panapouma.

Viza ya Peru na Bolivia?

Uliza ubalozi, mimi sina mhuri. Ila mkikatiwa tiketi ya bei nafuu inayopitia Marekani, jueni kule hata wa kubadilisha ndege tu anatakiwa viza. Na kadi ya njano mbebe wote: chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari. Tangu Julai 2016 ni ya maisha, msikubali kuchomwa tena kwa sababu eti imepita miaka kumi.

Juni au Desemba?

Juni. Desemba ni mvua. Juni usiku unashuka karibu na sifuri na vyumba vingi havina kipasha joto, lakini mchana ni jua tupu, na tarehe 24 kuna Inti Raymi, sikukuu ya jua, Cusco inafurika. Tiketi za Machu Picchu zina saa yake na majina ya pasipoti, kateni miezi kabla.

Sisi weusi losheni ya jua ya nini?

Mionzi huongezeka kwa kama asilimia 10 kila mita 1,000. Midomo yangu ilipasuka siku ya tatu nikawa nakunywa supu kwa mrija. Pakeni.

Tubebe unga wa ugali? Tumesikia kule wanakula panya. (Mama Mbezi)

Ni simbilisi, si panya, na kuna watu wa Nyanda za Juu hapa kwetu wanaomfuga wakisoma haya sasa hivi. Hulazimishwi. Unga acheni. Kule maji yanachemka kwenye nyuzi 88 au 89 badala ya 100, mtasonga mpaka jirani agonge mlango, na maharage ndiyo kabisa. Peru ni nyumbani kwa viazi, aina zaidi ya 3,000, na mtoto asiyekula kiazi simjui. Njiani kuelekea Ollantaytambo kina mama wanauza mahindi ya kuchemsha, punje moja kubwa kama kucha ya kidole gumba, na kipande cha jibini juu yake. Mwanangu mdogo aliyetapika usiku kucha Cusco alimaliza mawili, akaomba la dada yake.