Re: Ndege kugongana zikiwa bado chini, inawezekana?

Mkuu, umeuliza kama kile kindege cha Pemba ulichokiona hapa uwanja wa Tanga kikisubiri chenzake kitue kwanza ni uoga wa rubani. Si uoga hata kidogo. Ajali ya ndege iliyoua watu wengi kuliko zote ilitokea juu ya lami: uwanja wa kisiwa cha Tenerife, Hispania, Machi 27, 1977, Boeing 747 mbili, watu 583 walikufa.

Ukungu ulikuwa kama ule wa Lushoto mwezi wa saba. Ndege ya shirika la Pan Am la Marekani ilikuwa bado inatambaa kwenye njia ya kurukia, ya KLM la Uholanzi ikaanza kukimbia bila ruhusa. Mnara wa kuongozea ndege uliijibu KLM "sawa", kisha ukaiambia isubiri, ila sekunde zilezile Pan Am nao wakaingia redioni kusema bado wamo kwenye njia ya kurukia. Sauti zikagongana, kule KLM ukasikika mlio tu. Walipona 61, wote wa Pan Am.

Uwanja wa Haneda, Tokyo, Januari 2024 nako ndege mbili ziligongana kwenye njia ya kurukia. Watano wa ndege ya walinzi wa pwani walikufa, lakini wote 379 wa ile kubwa ya abiria walitoka. Mabegi waliyaacha. Sisi wa boti tungeanza kutafuta kapu la samaki kwanza 😀