Walinzi wa meli za kitalii: fujo wanazimudu, kesi je?

Swali

Shikamoo mwalimu. Mimi ni msimamizi wa walinzi kwenye lodji moja maeneo ya Usa River, Arusha. Tulipokea wageni wawili, mtu na mkewe, waliokuwa wametoka kwenye meli ya kitalii kabla ya kuja safari ya Tarangire na Ngorongoro. Yule mama alinisimulia kuwa melini alisukumwa na abiria mlevi karibu na baa, akaanguka, akaumia kifundo cha mkono. Walinzi walifika haraka sana, wakamwondoa mlevi, wakamwandikisha mama maelezo, ikaishia hapo. Aliomba nakala, hakupewa. Polisi hakumwona hata mmoja mpaka anashuka. Akaniuliza kama ndivyo mambo yanavyokwenda huko, nikakosa jibu. Hawa walinzi wa meli kazi wanaijua kweli? Na mama afanyeje? Nauliza pia kwa sababu kijana wangu yuko kampuni ya ulinzi hapa mjini, na kuna wakala anamwambia nafasi za melini zipo.

Msomaji, Usa River

Jibu

Marahaba. Umeuliza mambo mawili kwa mpigo: kuzima fujo, na kushughulikia kosa baada ya fujo kuzimwa. Kwenye la kwanza, walinzi wa meli kubwa ni wazuri, na usinikasirikie nikisema wengi wao wanatuzidi sisi wa hotelini. Kwenye la pili ni dhaifu. Uzembe wa mtu mmoja mmoja upo, kama kila mahali, lakini udhaifu mkubwa uko kwenye jinsi kazi yenyewe ilivyopangwa.

Kwako mgeni akipigwa, mlinzi anafunga geti, unapiga simu, difenda ya polisi inakuja. Majeruhi anapewa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, anakwenda hospitali ya Mount Meru au Selian, kesi inapata namba ya RB, yaani ya kitabu cha taarifa cha polisi, na Arusha tuna mpaka kituo cha polisi wa utalii na diplomasia. Kazi ya mlinzi wako inaisha pale polisi wanapofika. Melini difenda haiji. Icon of the Seas, iliyoanza safari mwaka 2024, inaweza kubeba abiria 7,600 na wafanyakazi kama 2,350. Huo ni mji mdogo unaotembea, usio na kituo cha polisi wala hakimu, na zahanati yake ni ya mwenye meli. Juu ya wote yuko nahodha. Afisa usalama wa meli na vijana wake wako chini yake, na wote wanalipwa na kampuni ileile.

Kwenye timu hizo utakuta Wanepali waliokuwa askari wa vikosi vya Gurkha katika jeshi la Uingereza, Wahindi waliotoka jeshi la majini, na polisi wastaafu. Nidhamu wanayo. Chukua tukio kama la mgeni wako, saa saba usiku, baa imejaa. Wanaotangulia ni wawili, hawakimbii, kwa sababu mlinzi anayekimbia huamsha baa nzima. Mmoja anaongea na mlevi, mikono wazi mbele, sauti ya chini. Mwenzake hasimami nyuma yake. Anasimama pembeni, mahali anapoona mikono ya mlevi na mlango kwa pamoja. Wa tatu akifika hamgusi mtu, kazi yake ni kuwasogeza watazamaji na simu zao. Mlevi anatolewa kwa mlango wa karibu, hapitishwi katikati ya umati, na kadi yake ya melini, ile anayonunulia vinywaji, inafungiwa pombe usiku uleule. Akikaidi, nahodha anaweza kuamuru afungiwe chumbani na mlinzi awekwe mlangoni. Akizidi, meli kubwa zina chumba cha mahabusu. Bandari inayofuata anashushwa, nauli ya kurudi kwao anajilipia. Ukiwafundisha vijana wako hilo tu, la nani anaongea, nani anasimama pembeni na nani anaondoa watu, lodji yako itatulia.

Haina maana hawaharibu. Februari 2018, kwenye meli ya Carnival Legend iliyotoka Melbourne kuzunguka visiwa vya Pasifiki, kundi la abiria wa ukoo mmoja liligombana na wenzao kwa siku kadhaa. Mwisho yakawa mapigano, na video zikaonyesha walinzi wakimpiga mtu mateke akiwa chini. Watu 23 walishushwa bandari ya Eden, Australia. Kampuni ikasema itachunguza, na abiria waliobaki wakapewa punguzo la asilimia 25 kwa safari nyingine. Ninavyoliona mimi, mateke ndiyo yaliyosambaa kwenye simu, lakini kosa lilianza siku za nyuma. Kundi lililokwisha kutisha watu mara kadhaa lilipaswa kushushwa mapema. Anayeamua kumshusha mteja ni nahodha, na nahodha naye anaangalia biashara. Mlinzi wa chini huachiwa azibe pengo kwa mwili wake.

Sasa tuje kwenye kesi. Mafunzo ya walinzi hawa msingi wake ni kanuni za kimataifa za usalama wa meli na bandari, ISPS, zilizopitishwa Desemba 2002 na kuanza kazi tarehe 1 Julai 2004. Zilitokana na mashambulizi ya Septemba 11 kule Marekani. Kwa hiyo zinamwangalia adui anayetoka nje: gaidi, mzamiaji, mtu anayepenyeza silaha, haramia. Huko wanafanya vizuri. Novemba 2005 maharamia waliishambulia meli ya kitalii ya Seabourn Spirit nje ya pwani ya Somalia kwa bunduki na roketi, na walinzi wakawazuia kwa mpira wa maji na mtambo wa sauti kali mpaka meli ikatoroka na abiria wake salama. Ila anayemdhuru abiria kwa kawaida amepanda kwa ngazi halali, kadi mkononi, mzigo umepita kwenye eksirei. Ni abiria mwenzake au mfanyakazi. Huyo ISPS haikuandikwa kwa ajili yake.

Mwaka huohuo wa 2005, mwezi Julai, kijana wa Kimarekani aliyekuwa fungate alipotea kwenye meli ya Brilliance of the Seas, kati ya Ugiriki na Uturuki. Kwa mujibu wa maelezo yaliyotolewa hadharani baadaye, abiria wa chumba cha jirani alipiga simu alfajiri kulalamikia kelele. Walinzi wakafika mlangoni, wakakuta kimya, wakaondoka. Asubuhi damu ikaonekana kwenye paa la kivuli chini ya vyumba vile. Polisi wa Uturuki walipanda, wakakagua, na meli ikaendelea na ratiba yake. Hakuna aliyewahi kushtakiwa. Mwalimu yeyote wa ulinzi angesimama hapo mlangoni na wanafunzi wake kwa saa nzima. Kelele zimekwisha, sawa, zimekwishaje? Umegonga? Umemwona kila aliyelala humo kwa macho yako? Umeandika saa? Kimya hakiandikwi kwenye kitabu cha matukio kuwa ni usalama.

Kelele za familia za waliopotea na walionajisiwa melini ndizo zilizoleta sheria ya Marekani ya mwaka 2010 kuhusu usalama wa meli za abiria. Inazihusu meli zenye uwezo wa kubeba abiria 250 au zaidi, zenye malazi, na zinazopakia au kushusha abiria Marekani. Kingo za sitaha ziwe na kimo kisichopungua inchi 42. Milango ya vyumba iwe na tundu la kuchungulia. Zahanati iwe na vifaa vya kuchukua ushahidi wa ubakaji na dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, zile ambazo hata hospitali ya KCMC, Moshi, watakuambia zianzwe ndani ya saa 72. Mauaji, kupotea kwa raia wa Marekani, kosa la kingono, shambulio lililoleta jeraha kubwa, wizi unaozidi dola 10,000: hayo FBI, wapelelezi wa serikali kuu ya Marekani, wapewe taarifa.

Ni sheria nzuri, lakini angalia matundu yake. Kwenye mafunzo ya kulinda ushahidi inadai awepo melini angalau mfanyakazi mmoja aliyehitimu. Mmoja, kwa watu elfu kadhaa, na hata yeye lazima alale. Kamera ya dola 3,000 ikiibwa, inaingia kwenye daftari la meli tu, FBI haiwahusu. Na kifundo cha mkono kilichoteguka ni vigumu kuhesabiwa jeraha kubwa. Ndiyo maana mgeni wako hakuona polisi. Kama meli yake haikugusa Marekani kabisa, sheria hiyo haimfikii hata kidogo.

Huko nje ya maili 12 za bahari kutoka pwani, mwenye mamlaka kwanza ni nchi ambayo bendera yake meli inapeperusha. Nyingi zinapeperusha ya Bahamas, Panama, Bermuda au Malta, ingawa kampuni iko Miami na abiria ni Wamarekani. Mwaka 2011 mfanyakazi wa Kiingereza alipotea kwenye Disney Wonder, pwani ya Mexico. Kwa kuwa meli ni ya Bahamas, polisi wa Bahamas ndio waliohusika, na walimtuma mpelelezi mmoja.

Kwa hiyo saa ya kwanza baada ya tukio iko mikononi mwa mlinzi wa kampuni. Yeye ndiye anayeamua kama chumba kifungwe au mhudumu aingie kubadilisha mashuka, kama picha za kamera zihifadhiwe au zifutwe na za siku zinazofuata, kama shahidi aandikwe au aende kulala. Na kampuni inayomlipa huenda kesho ikashtakiwa kwa tukio lilelile. Ni mwamuzi aliyeajiriwa na timu moja. Anaweza kuwa mwaminifu, na nimefanya kazi na waaminifu wengi, lakini filimbi si yake. Mama kuandikishwa maelezo na kunyimwa nakala ni jambo la kawaida kabisa: ile karatasi hutunzwa kama mali ya kampuni, na mawakili wake ndio wasomaji wa kwanza.

Afanye nini sasa? Leo hii aiandikie kampuni barua pepe, akitaja jina la meli, tarehe, saa, sitaha na mahali hasa, aombe picha za kamera za sehemu hiyo zihifadhiwe na apewe namba ya taarifa ya tukio. Neno "zihifadhiwe" lisikosekane, kwa sababu kampuni ikishaombwa kwa maandishi na picha bado zikapotea, italazimika kueleza. Kama alitibiwa kwenye zahanati ya meli, aombe kumbukumbu zake za matibabu. Hizo zinamhusu yeye, na kuzipata ni rahisi kuliko taarifa ya walinzi. Mkono ukaangaliwe hapo Arusha kabla hajaingia porini, piga picha ya eksirei, daktari aandike. Aandike na majina ya waliokuwa baa siku ile angali anayakumbuka. Kisha asome tiketi, yale maandishi madogo ambayo hakuna anayeyasoma. Tiketi nyingi za kampuni za Marekani zinataka taarifa ya madai ndani ya miezi 6 na kesi ndani ya mwaka 1, tena katika mahakama waliyoichagua wao, mara nyingi Florida. Usidhani hakimu ataona hilo ni uonevu: Mahakama ya Juu ya Marekani ililikubali sharti la mahakama mwaka 1991, kwenye kesi ya abiria wa Carnival aliyeteleza na kuanguka melini.

Na mgeni mwingine akikuuliza kabla ya kupanda meli, mwambie hivi: kosa likitokea, apige simu polisi wa kwao au ubalozi wake yeye mwenyewe, asisubiri meli imfanyie. Meli ikiwa imefunga gatini Zanzibar au Dar es Salaam, polisi wetu wana mamlaka, na anaweza kushuka akaripoti kama mtu aliyeibiwa Kariakoo.

Kuhusu kijana, kazi ipo na ni ya heshima. Atahitaji mafunzo ya msingi ya usalama baharini na cheti cha majukumu ya ulinzi melini, vyote vya mfumo wa STCW, mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia. Aulize Chuo cha Bahari Dar es Salaam, DMI, kozi zinaanza lini na bei gani. Kiingereza chake kiwe cha kuandika, maana mlinzi wa meli anaandika kuliko anavyopiga doria. Huyo wakala muulize swali moja: analipwa na nani? Chini ya mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini wa 2006, baharia hatozwi ada ya kutafutiwa kazi. Anaweza kujilipia cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti, visa ni juu ya mwenye meli. Wakala akitaja "ada ya usajili" ya laki kadhaa, kijana abaki kwenye lindo lake la sasa na namba ya huyo mtu aipeleke polisi.